Siku Redio ya kwa Njue Ilipozima

Nilikuwa nimelala chali chini ya jukwaa la kufukuzia ndege, mguu wa kulia umejaa kama mtungi, na kule juu ya ua wa minyaa nikaona kitambaa cha njano. Kilikuwa kitambaa cha kichwa cha mama. Ningekijua hata katikati ya soko, kwa sababu pembe yake moja ilikuwa imeungua na pasi ya makaa. Nilikuwa nimeimba mpaka nyimbo zikaisha. Sasa nikaita tu. Nikasema, "Mama." Nikasema tena, "Mama, nakufa."

Kitambaa kikasimama. Kikakaa pale muda wa kutosha mtu kusikia, kuelewa na kuamua. Halafu kikageuka, kikashuka taratibu nyuma ya minyaa, kikarudi nyumbani ambako mgeni alikuwa anakunywa chai.

Sikuwa nimepanga kuandika haya. Shule niliachia darasa la nne, na mkono wangu umezoea kupima ndengu sokoni kwa mkebe wa gorogoro kuliko kushika kalamu, kwa hivyo mnivumilie. Lakini wiki jana jirani yangu hapa Gachoka alianika mawele kwenye turubai mbele ya nyumba yake, na upepo ukaniletea ile harufu mpaka jikoni. Nyinyi mliokulia huku chini kwenye joto mnaijua. Ni harufu ya vumbi tamu, kama unga uliomwagikiwa maziwa ukakauka, na ndani yake yamo yale makapi yanayowasha shingo. Nilikuwa nasonga ugali. Niliacha mwiko umesimama ndani ya sufuria nikaenda kukaa kwenye ngazi, na mguu wangu ambao nusu ya mbele haipo ukaanza kuuma hapo hapo pasipo na kitu. Huko ndani mama akauliza ni nani anaunguza ugali. Ndiyo, mama anaishi kwangu sasa. Nitafika hapo.

Naitwa Igandu. Jina hilo lilikuwa la mama yake baba kabla halijawa langu. Kwetu Mbeere msichana wa kwanza hubeba jina la nyanya wa upande wa baba, hakuna anayeulizwa kama anataka. Na baba mtu, kwa vile mama yake ni kama amerudi nyumbani akiwa mdogo, humwita mtoto huyo Mama. Baba yangu, Njue, alikuwa mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Embu, akija mwisho wa mwezi. Alikuwa anasimama mlangoni na mkate kwapani, anauliza, "Mama yuko wapi? Mama amekula?" Hapo alikuwa anauliza habari zangu mimi, na mama yangu mwenyewe amesimama pale pale ameshika ufagio.

Kwa akili ya utoto nilifikiri kila nyumba imepewa cheo cha Mama kimoja tu, na mimi nimekichukua bila kuomba. Niliona ndiyo sababu mama hanitazami. Baba akishaondoka nilikuwa najaribu kukirudisha. Nilichota maji bila kutumwa. Nilimwita Mama, Mama, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikitumaini atasikia kwamba bado ni yeye. Nilipompa kuni nilimpa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka. Alizipokea akiangalia kuni.

Yeye hakuniita kwa jina lolote. Wanawake wa rika lake waliona haya kulitamka jina la mama mkwe ovyo ovyo, kana kwamba wanaita mbuzi, kwa hivyo aliyekuwa na mtoto mwenye jina kama langu alimtafutia jina la kubembeleza. Jirani mmoja alimwita wake Kanyoni, yaani ndege mdogo. Mwingine alimwita wake Sukari, na alikuwa mtoto mbaya sana, anang'ata watu. Mimi niliitwa Wee. Wee, leta kuni. Wee, mbona umesimama hapo kama kichuguu. Lakini mdogo wangu Ireri, aliyebeba jina la baba yake mama, aliitwa kwa sauti inayopanda na kushuka, mpaka ungefikiri jina lenyewe lina asali. Nilikuwa najificha nyuma ya ghala kumsikiliza mama akimwita Ireri. Nilikuwa najaribu kupima kama jina langu lingeweza kuingia kwenye ule mwimbo.

Mawele yakianza kutoa vichwa, wadogo zangu walienda shule na mimi nikapandishwa jukwaani. Hamtaki nieleze sana, mmekaa huko. Miti minne, fito juu, paa la nyasi lisilozuia kitu. Asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri unakuwa umepanda, na kombeo, na mkebe wa mawe, na kibuyu cha uji. Wale ndege wadogo wenye midomo myekundu wanakuja kama moshi. Wakitua shamba zima linainama. Ukinyamaza kidogo tu, kwenda kujisaidia au kulala, unakuta vichwa vimebaki kama mifupa ya samaki. Kwa hivyo hunyamazi. Kuanzia asubuhi mpaka ndege waende kulala, kazi yako ni kupiga kelele. Watoto wengine walipokezana na dada zao, na mama zao waliwaletea githeri ya mahindi na maharagwe mchana wakapanda kukaa nao kidogo. Mimi nilikuwa peke yangu. Nilipiga kelele mpaka nikasahau kwamba kelele ni kitu ambacho mtu anaweza kujibu.

Hapo ndipo Mwinjilisti Josfati alipoingia. Nawataja watu kwa majina yao, sioni kwa nini nibebe aibu yao kwa mgongo wangu. Alikuja na baiskeli na gitaa ambalo nyuzi zake nyingine zilikuwa waya wa kawaida, akafungua kanisa la mabati pale juu ya barabara. Alikuwa kijana, mwembamba, na meno yaliyopangana vizuri. Alitufundisha wimbo aliotunga yeye, wa Mungu anayesimama mlangoni jioni akiwaita watoto wake mmoja mmoja kwa majina, kama mtu anayeita mbuzi zake, na hakuna hata mmoja anayesahaulika. Wenzangu waliuimba wakisukumana. Mimi niliuimba nikalia. Josfati akaniona. Akaninyanyua akanisimamisha juu ya benchi, akawaambia watu wamsikie mtoto huyu.

Niliimba. Watu wazima wakapiga makofi. Mama mmoja mnene ambaye hata hakunijua alinikumbatia, na mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya nazi kwenye ngozi iliyotoka jasho, nageuka kumtafuta. Josfati akaniuliza naitwa nani. Nikamwambia. Akacheka, akasema hilo ni la cucu, nyanya yangu, mimi atanitafutia la mbinguni.

Kwa hivyo nikabatizwa Yunisi. Nilikimbia nyumbani na nguo zimelowa, napiga hesabu ya mtoto: mama haniiti kwa sababu jina langu ni la mtu mwingine, sasa nina jina lisilo la mtu. Nilimkuta anapepeta. Nikasimama mbele yake nikasema, "Mama, sasa naitwa Yunisi. Unaweza kuniita."

Aliendelea kupepeta. Makapi yakaniingia machoni. Kisha akasema, "Nani aliomba?" Na baadaye kidogo, "Wee, sogeza hilo karai."

Baada ya hapo nilimwacha mama nikamshika Mungu. Nasema hivyo hivyo bila kupamba. Watu wanaongea habari za wokovu kama mtu aliyeona mwanga, lakini mimi niliingia kama anavyoingia mtu kwenye nyumba yoyote iliyo wazi mvua ikimpiga. Josfati alituambia mtoto wa Mungu haombi msaada kwa kelele kama watu wa dunia. Anasifu. Akiwa na njaa anasifu, akiwa mgonjwa anasifu, na anayesifu hadhuriki, kwa sababu sifa inasikika juu upesi kuliko kilio. Aliniambia mimi binafsi, mkono wake kichwani kwangu, kwamba lile jukwaa ni mimbari yangu na wale ndege ni kanisa langu. Nikaamini kabisa. Nilikuwa naimba, ndege wananyanyuka wote kwa pamoja, shamba zima linapumua, na mimi nilijua ni Mungu amenyoosha mkono. Hakuna aliyeniambia kwamba ndege huondoka hata ukipiga mkebe.

Bonde zima lilinijua. Wachunga mbuzi walikuwa wanapita chini wanasema redio ya kwa Njue imeanza matangazo. Siku nikichelewa waliuliza kama redio imeisha betri. Ng'ambo ya kijito alikuwa na shamba mama mmoja aitwaye Kori, mjane, aliyekuwa anapika pombe ya muratina na hakukanyaga kanisani hata siku moja. Alikuwa ananipigia kelele kutoka kwake, mikono kiunoni, "We redio, hakuna habari nyingine? Kila siku Mungu tu? Tangaza hata bei ya mbuzi." Nilikuwa namwombea. Nilimwona ni mtu wa motoni, nikamhurumia sana.

Siku yenyewe Josfati alikuwa amekuja kumtembelea mama. Nilimwona akipita na baiskeli, akanipungia, nikaongeza sauti ili mgeni akisikia amwambie mama jinsi ninavyofanya vizuri. Jua lilikuwa utosini. Mkebe wa mawe ukaisha, nikashuka kuokota mengine. Pale chini ya jukwaa kulikuwa na kivuli na rundo la makapi, na nyoka alikuwa amelala ndani yake, mfupi, mnene, rangi ile ile ya makapi. Wale nyoka wetu wavivu wasioondoka njiani. Nilimkanyaga. Alinipiga mara moja, juu ya vidole, akarudi kulala.

Mtoto mwingine angepiga nduru. Mimi nilikaa chini nikaimba. Hicho ndicho kitu ambacho watu hawaelewi nikiwaambia. Nilijua kwamba nikilia nitakuwa nimekosa imani, na nilijua pia, bila kujiambia, kwamba mama hajawahi kuja nikimwita lakini Mungu nimefundishwa kwamba huja. Kwa hivyo nikamwita yule anayekuja. Niliimba wimbo wa Mungu anayeita mbuzi zake. Mguu ukapanda, ngozi ikawa inang'aa, nikatapika, nikafuta mdomo, nikaendelea na ubeti. Sauti ilipokuwa inapasuka nilizidisha nguvu. Nilisubiri mkono ule uliokuwa unanyanyua ndege. Nilikuwa naangalia juu, si kando, ndiyo maana nilichelewa kukiona kitambaa.

Nilikiona nilipogeuza kichwa kutapika tena. Na hapo, sijui kwa nini, imani yote ikaniishia kwa mara moja nikawa mtoto tu. Nikamwita. Mmeshasoma.

Alipoondoka nilinyamaza. Sikuwa na wa kumwimbia. Ndege wakaja. Nakumbuka walivyotua, kichwa juu ya kichwa, na sauti yao ya kutafuna ambayo kwa mbali ni kama mvua ndogo. Walikuwa wanakula kila mahali, hata juu yangu, kwenye fito za jukwaa. Halafu nikaona miguu mikavu ya Kori na sketi aliyoifunga kiunoni kwa kamba. Alikuwa anahema. Alisema, "Nimeona ndege wanatua. Nikajua huyu mtoto ana kitu." Aliangalia mguu, akatukana tusi ambalo siwezi kuliandika, akanibeba mgongoni kama mzigo wa kuni.

Tulipokuwa tunavuka kijito nikasikia debe likipigwa. Pa, pa, pa, pa. Nikainua kichwa juu ya bega la Kori. Mama alikuwa ameingia shambani na debe na fimbo, kitambaa cha njano kinaruka ruka kati ya mawele, anafukuza ndege. Kori alisimama. Alimwangalia. Nilihisi mgongo wake umekuwa mgumu chini ya kifua changu. Hakumwita. Akageuka akaendelea na njia ya kwenda zahanati.

Nilikaa hospitali Embu mpaka mawele mengine yakapandwa. Walikata nusu ya mguu kuokoa uliobaki, na waliniokoa, sina neno na wao. Baba alikuja na mkate, akakaa kitandani akilia na kuniita Mama, Mama, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kama huyu mzee ana akili timamu. Mama alikuja na uji. Alisimama kando ya kitanda akauliza nesi, "Huyu anakula?" Nami nilikuwa macho.

Nilikuwa najiambia hakusikia. Mniamini, nilijitahidi. Nilijiambia upepo ulikuwa unavuma kinyume, ama minyaa ni mingi, ama alidhani naimba. Ningekaa na hiyo habari mpaka kufa kwangu kama Josfati angefunga mdomo wake.

Lakini yeye alifanya mkutano wa injili. Alinisimamisha mbele na magongo yangu, juu ya benchi lile lile, akawaambia watu wamwone mtoto aliyemsifu Mungu akiwa katika meno ya nyoka. Kisha akatoa ushuhuda wake mwenyewe. Alisema siku ile alikuwa ameketi nyumbani kwetu anakunywa chai, na sauti ikatoka shambani ya namna ambayo hajawahi kusikia, na mama wa mtoto akashtuka akaweka birika chini akasema ile si kuimba, mtoto ana shida. Na yeye Josfati, kwa kuongozwa, akamwambia, "Mwache. Roho amemshukia, usimkatize." Mama akatoka kwenda kuangalia hata hivyo. Akarudi. Akasema, "Ni kuimba tu." Akammiminia chai nyingine. Watu wakasema amina, wakapiga vigelegele, kwamba mnaona jinsi kusifu kwa mtoto huyu kulivyoshinda hata maumivu.

Mama alikuwa ameketi benchi la mbele, amevaa gauni jipya aliloshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Nilimwangalia. Nilimwangalia mpaka watu wote wakaanza kungoja niimbe. Yeye aliangalia mikono yake, akaigeuza, akaangalia upande wa pili. Ndipo nikajua. Josfati ni mjinga na majivuno yake yaliniangamiza, na leo ni askofu mjini Embu na spika zinazosikika mpaka stendi, na yeye pia atajibu. Lakini yeye hakufika uani. Yeye alisikia wimbo kwa sababu alitaka kusikia wimbo. Mama aliweka birika chini. Mtu hatoki kwenye chai yake kwenda kusikiliza jambo ambalo hana wasiwasi nalo. Alikuwa na wasiwasi, akaenda, akasikia neno moja ambalo halimo kwenye wimbo wowote wa Josfati, kisha akarudi akasema ni kuimba tu.

Niliimba siku hiyo. Mnajua niliimba. Kulikuwa na kitu gani kingine? Shule haikurudi tena kwa sababu ilikuwa mbali na mguu haukufika. Watu walinipenda kwenye benchi, nikishuka wananisahau, lakini juu ya benchi walinipenda. Na Mungu sijawahi kumwacha. Wengine wakisikia habari hii wananiuliza nawezaje bado kusifu, na mimi nawauliza wao, ningeenda kwa nani. Nimesifu na watoto wangu wakiwa na homa, nimesifu sokoni ndengu zikinyeshewa. Lakini sijawahi kuimba wimbo hata mmoja mpaka mwisho bila kugeuza kichwa kuangalia ua. Hata kanisani, ndani ya kuta za mawe, naangalia kando kama kuna kitambaa cha njano, na kama kipo, kimesimama au kinaondoka.

Mambo mengine nilikuja kuambiwa nikiwa mtu mzima, siku tulipomzika baba. Shangazi yangu Rwamba, dada yake baba, alinivuta nyuma ya nyumba akaniambia nisimhukumu mama nisichokijua. Kumbe kabla yangu kulikuwa na mtoto, mvulana. Ulikuwa mwaka wa kiangazi na baba yuko kazini, na ghala lilikuwa la cucu Igandu, na ufunguo uko shingoni mwake. Mama alikuwa ananyonyesha na maziwa yamekauka. Alienda kwenye mlango wa mama mkwe wake na mtoto mikononi akaita, "Mama. Mama, nifungulie." Na cucu alikuwa ndani. Alikuja mpaka mlangoni, Rwamba mwenyewe alikuwepo akiwa msichana, alimwona akija mpaka mlangoni, akasimama, akasikiliza, akarudi kukaa. Mvulana hakumaliza mwezi. Cucu naye akafa baadaye kwa maradhi yake, na mimi nilipozaliwa wakaniweka mikononi mwa mama wakamwambia, huyu hapa, Igandu amerudi, mnyonyeshe.

Basi nikaelewa. Nilikaa pale nyuma ya nyumba na majembe ya kuchimbia kaburi yameegemezwa ukutani nikaelewa yote. Wakati ule mtoto mimi nilipokuwa najilaumu kwa kuiba cheo, mama alikuwa anaangalia uso wangu kila asubuhi akiona ufunguo. Na nilipomwita kutoka kwenye makapi, Mama, nakufa, labda hakusikia mtoto wake anaita. Labda alisikia Igandu, mwishowe, akiwa upande wa pili wa mlango.

Nimemhurumia. Ile huruma ninayo. Lakini huruma haikunipa mguu, na mimi sikufunga ghala lolote. Mimi nilikuwa mtoto na kombeo na mkebe wa mawe. Walionipa jina hilo bila kumwuliza mama walikuwa na makosa, na baba aliyenifanya mama yake badala ya mwanawe alikuwa na makosa, Mungu amrehemu, na wote wamelala chini ya udongo hawawezi kuulizwa. Kori naye amekufa, na nilimwimbia kaburini ingawa kanisa langu lilikataa, na hiyo ndiyo mara pekee nimeimba bila kugeuka.

Amebaki mama. Macho yake yameingiwa na ukungu, haoni tena. Wadogo zangu wako mijini wanatuma salamu, na Ireri wake mwenye asali hajaja tangu apate gari. Kwa hivyo yuko kwangu, namwosha, namkatia nyama vipande vidogo, nafua vitambaa vyake. Watu kanisani wananisifu, wanasema huyu mama amebarikiwa mtoto. Na kila siku nikiosha vyombo naimba, kwa mazoea tu, na kila siku kutoka kitandani kwake anauliza, "Nani huyo anaimba?"

Namjibu, "Ni mimi."

"Mimi nani?"

Huwa sijibu. Nasubiri. Nasikia anavyogeuka kitandani, fito zinalia, na yeye pia anasubiri, kwa sababu anajua vizuri sana ni nani. Hajawahi kulisema jina langu. Siku ile ya mawele yaliyoanikwa, ugali ukiwa umeungua na mimi niko kwenye ngazi, aliuliza tena, na kwa mara ya kwanza sikuwa nimeimba hata kidogo. Nilikuwa nalia. Akauliza, "Nani huyo anaimba?"

Niliingia ndani. Nilisimama mlangoni mwa chumba chake na unga mikononi, na yeye ameinua uso kuelekea nilipo, amefunga kichwa na kitambaa nilichomnunulia, cha bluu, sijawahi kumnunulia cha njano. Nilimwambia haya ninayowaandikia, nayaandika ili asiseme kesho hakusikia.

Mama, Wanjira binti Ireri, ulisimama kwenye ua wa minyaa nikakuita. Ulisikia. Sitaki uniombee, na sitaki uniambie habari za Roho, hizo nimezisikia kwa Josfati. Nataka uniambie kwa mdomo wako ni nini kilikugeuza ukarudi kwenye chai. Ninakaa hapa kwenye kiti, sina haraka, ndege hawapo. Lakini kabla hujanijibu, niite kwanza. Niite kwa jina langu, nijue unazungumza na mimi, na si na yule mwenye ufunguo.